Nimesomea kadi, sasa naambiwa Koha

SWALI: Shangazi shkamoo. Mi ni mkutubi wa chuo kimoja hapa Dodoma, stashahada nilichukua Bagamoyo miaka ya 90, enzi za katalogi ya kadi. Sasa mkuu kasema muhula ujao kila kitu kinahamia Koha, ile programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, na anayenifundisha ni kijana wa fildi ana miaka 22! Wenzangu wananambia nikachukue digrii. Nina miaka 51, wanangu wawili wako chuo. Nifanyeje?
Mkutubi wa Kikuyu, Dodoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Digrii iache kwanza, hiyo ada ni ya watoto. Koha ni ya bure, ilianzia New Zealand ikaingia kazini mwaka 2000, mwambie mtu wa tehama akuwekee kwenye kompyuta moja ya majaribio uharibu unavyotaka.

Ukiifungua utacheka, maana ni kadi yako ile ile imekatwa vipande ikapewa namba, mwandishi anakaa 100, jina la kitabu 245, namba ya Dewey, ile ya kupanga vitabu kwa mada, inakaa 082. Kijana anajua pa kubonyeza, ila we muulize kitabu cha mila za Wagogo kinaenda 967.8 ya Tanzania au 305.8 ya makabila, uone atakavyokukodolea macho. Kilichobadilika ni kanuni za kuandika katalogi, ile AACR2 ya 1978 imepisha mpya ya RDA, Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, walihama 2013, kwahiyo waandishi wakizidi watatu humtaji tena mmoja tu ukawaficha wengine, na vifupisho vya kurasa sahau. Vitabu vya nje utavuta rekodi kutoka katalogi za maktaba zingine mtandaoni kwa ISBN, ile namba ya kitabu, dakika moja umemaliza, vijitabu vyetu vya Kiswahili vingi hutavikuta kule, hapo ndo utaonekana kazi yako.

Mi ningekazania kitu kingine. Juzi binti mmoja kaniletea orodha ya makala tisa katoa kwenye ChatGPT, majarida ya kweli, waandishi wa kweli, ila makala nne hewa kabisa, kama wale watumishi hewa! Tulikagua DOI, yaani namba ya utambulisho ya kila makala, moja moja pale doi.org, zingine hazifunguki, moja ikafungua makala ya mambo ya samaki. Hii Bagamoyo hatukufundishwa, na wanafunzi wako wataileta kila siku.

Kwahiyo andika barua, omba wiki mbili ukakae maktaba ya chuo kikuu ambao Koha wameshaizoea, nauli na posho walipe wao. Wakikataa waambie wakujibu kwa maandishi, alafu niandikie tena.