Chapati za spelti zinazopasuka

Dada, umeuliza kwa nini chapati za ule unga wa spelti ulioletewa kutoka Ujerumani zinapasuka. Spelti ni ngano ya kale, na gluteni yake, yaani ile protini inayoshikanisha unga, ni dhaifu. Usiukande sana: tia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, ukishashikana uache, ufunike nusu saa ndipo usukume. Punje nzima loweka usiku kucha, chemsha kama githeri, kisha kaanga na kitunguu na nyanya.

Ila bei yake hapa Nairobi, mmh! Mimi ningeshuka Nyamakima ninunue wimbi au mtama. Nafaka hizo hazina gluteni kabisa, kwa hiyo changanya nusu kwa nusu na unga wa ngano, la sivyo chapati itakuvunjikia kwenye kikaango. Na kama ni ngano inayokusumbua tumbo, spelti si dawa. Nayo ni ngano.