Uchungu ukishaanza, umechelewa kuuliza

Mimba yangu ya kwanza sikukosa kliniki hata mara moja. Nilipimwa damu, mkojo na presha, nikapewa vidonge vya kuongeza damu na chandarua. Habari za maumivu hakuna aliyenigusia, nami sikuuliza. Nyumbani nilishaambiwa: jikaze, wenzako wote wamezaa hivyohivyo.

Usiku ule wa leba nililala chali kwa masaa, peke yangu, nimeng'ang'ania chuma cha kitanda. Nilipoomba dawa, nesi akasema muda wake umepita. Nilimchukia. Baadaye nikaelewa: sindano ya pethidini, dawa kali ya maumivu, ikichomwa karibu na kujifungua, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na usingizi mzito na kupumua kwa shida. Kosa halikuwa jibu lake. Kosa ni kwamba jambo hilo nalisikia kwa mara ya kwanza nikiwa kitandani.

Mimba ya pili, wiki ya 34, nikamuuliza mkunga: hapa mna dawa gani za maumivu? Nani anaruhusiwa kuingia nami? Naweza kutembea? Akaweka kalamu chini, akanieleza. Pethidini inapunguza makali tu, na inaweza kukuletea kichefuchefu. Kuna gesi unayoivuta uchungu unapoanza kupanda, ila hospitali nyingi za kwetu hazina. Inayoondoa maumivu kuliko zote ni epidurali, ile ya kuwekewa mrija mwembamba mgongoni. Hiyo inahitaji daktari wa usingizi na uangalizi wa karibu, kwa sababu presha inaweza kushuka na miguu kuwa mizito. Ndiyo maana huipati kila mahali, na ni ghali. Ukiitaka, ulizia bei mapema. Na anayekwambia kuiomba ni uzembe, usimsikilize.

Mimi sikuipata. Nilimpata wifi yangu.

Kila uchungu ulipopanda alikunja ngumi, akaiweka chini ya kiuno, pale kwenye mfupa juu ya makalio, akasukuma kwa uzito wake wote. Ukishuka, anaachia. Mimi nimeegemea ukuta, nayumbisha nyonga, natoa pumzi polepole kama anayepuliza chai. Kati ya uchungu na uchungu ananikanda kwa kanga aliyoichovya kwenye maji ya moto na kuikamua. Maumivu yalikuwepo, tena makali, lakini safari hii yalikuwa na mwenzangu wa kuyabeba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unataka kila mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Wodi nyingine bado zinakataa, hasa zile ambazo vitanda havina mapazia, kwa hiyo hilo nalo liulize mapema.

Jambo moja sitalizungukia: dawa za miti za kuharakisha uchungu usinywe, hata kama anayekuletea ni mama mkwe. Kipimo chake hakijulikani, na kizazi kikibana kupita kiasi mtoto hukosa hewa, kizazi chenyewe kinaweza kupasuka. Ukiwa umeshakunywa, mwambie mkunga ukifika tu, hata kama atakugombeza.

Kama una miezi saba sasa, kliniki ijayo nenda na huyo utakayeingia naye leba. Majibu ya maswali yako ayasikie kwa masikio yake, na hapo hapo mwombe mkunga amwonyeshe pa kusukuma.