Maswali yenu ya kuunda modeli (treni ndogo) za mabehewa ya mifugo: chokaa, supagluu na reli ya mita

*Behewa langu la ng'ombe la Kiingereza nilipake kahawia gani? (Tabata)*

Kahawia baadaye, kwanza niambie ni behewa la miaka gani maana hapo ndo wengi mnaharibu. Mpaka miaka ya 1920 Waingereza walikuwa wanayapiga chokaa mabehewa ya mifugo kuua magonjwa, na chokaa ile ilikuwa inachuruzika kupitia mbao mpaka nje, behewa linabaki na madoa meupe. Nyie mnapaka kahawia linang'aa kama kabati la bibi harusi! Chukua rangi nyeupe ya maji, izimue sana, pitisha brashi toka juu kwenda chini uiache ishuke yenyewe, ikikauka futafuta. Kama ni la miaka ya baadaye chokaa achana nayo, walishahamia dawa zingine. Tafuteni picha ya zamani kabla ya kushika brashi jamani.

*Behewa la modeli la saizi ya OO litapita kwenye reli za saizi ya HO? (Mbagala)*

Litapita, zote upana kati ya reli ni milimita 16.5. Ila OO ni 1:76, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara 76, na HO ni 1:87, ukichanganya ng'ombe mmoja anakuwa jitu. Hili nimeshalijibu sana, someni boksi kabla ya kulipa.

*Supagluu inaniachia ukungu mweupe. (Kigamboni)*

Ni mvuke wa gundi unakutana na unyevu, na Dar unyevu tunao wa kutosha. Weka tone dogo kwa ncha ya sindano, fungua madirisha, usifunike kazi mpaka ikauke. Halafu kwa nini supagluu kwenye plastiki? Plastiki ina gundi yake inayoiyeyusha kidogo ikashikana, supagluu iache kwa chuma na resini. Na msifanyie hizi kazi chumba anacholala mtoto.

*Behewa linaruka reli kila kona. (Ubungo)*

Jepesi. Kwa HO anza na gramu 28, ongeza 14 kila inchi ya urefu, kwa hiyo behewa la Kimarekani la futi 40, ambalo likipunguzwa kwa HO ni kama sentimita 14 (inchi 5.5), linataka gramu 105 hivi. Uzito bandika chini ya sakafu, kuta zina mianya, kila kitu kinaonekana.

*Nataka behewa la Reli ya Kati, naona niweke tu bodi kwenye magurudumu ya HO. (Ilala)*

Usifanye hivyo tafadhali. Upana wa milimita 16.5 kwa 1:87 ni sawa na milimita 1435 za reli halisi, yaani hiyo ni SGR! Reli ya Kati aliyoanza kuijenga Mjerumani hapa Dar 1905 ikafika Kigoma 1914 ni ya upana wa mita moja, kwa hiyo tumia njia ya milimita 12, na hiyohiyo inafaa TAZARA yenye milimita 1067. Bodi kata mwenyewe kwa shiti za plastiki. Watafute wazee waliostaafu reli, waulize milango ilifungukaje na mbao zilipishana vipi, andika vipimo sasa hivi wakati bado wapo, maana ng'ombe wa Kanda ya Ziwa walikuja mjini kwa treni na sisi tunaunda ya Waingereza tu.

*Nina ng'ombe wanne tu, niwatawanye? (Temeke)*

Hapana, wabane upande mmoja uweke kizuizi katikati, mabehewa ya Kiingereza yalikuwa nacho cha kusogeza.