Daktari anaweza kuingia maabara bila uzamivu

Je, daktari anayetaka kufanya utafiti wa maabara lazima asome uzamivu (PhD) kwanza? Hapana, si lazima awe na shahada hiyo ndipo achunguze magonjwa ya ubongo kama Parkinson au Alzheimer kwenye panya. Kwa Marekani, NIH, taasisi ya serikali inayofadhili utafiti wa afya, ina ruzuku ya K08 kwa ajili hiyo hasa: udaktari wa binadamu unatosha, mradi uwe na msimamizi mzoefu na mpango wa mafunzo unaoeleweka. Msiichanganye na K23, ruzuku nyingine ya NIH; hiyo ni ya utafiti unaowahusisha wagonjwa wenyewe.

K08 huchukua miaka 3 hadi 5, na kwa kawaida angalau 75% ya muda wako wa kazi iende kwenye utafiti na mafunzo yake. Kliniki inabaki kama siku moja kwa wiki. Nipo kwenye maabara ya aina hii, na wanaotoka wodini huanza chini kabisa: kukata ubongo wa panya vipande vyembamba mno, kuvitia rangi, kisha kuhesabu seli zilizosalia zinazotengeneza dopamini, yaani zile ambazo Parkinson huziua. Inachosha, usidanganywe.

Ila K08 ni kwa raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Ukiwa na viza ya muda, tafuta mlango mwingine.