Ukosefu wa ajira Afrika Kusini: asilimia 33 au 43?
Takwimu zote mbili ni sahihi, kwani asilimia 32.9 na asilimia 43.1 zilitolewa pamoja katika utafiti wa nguvukazi wa robo ya kwanza ya 2025, unaofanywa na ofisi ya takwimu ya nchi hiyo. Ya kwanza humhesabu asiye na kazi aliyeitafuta ndani ya wiki nne zilizotangulia. Ya pili huongeza wanaotaka kazi lakini hawaitafuti tena, wakiwamo waliokata tamaa. Kwa maoni yangu, hiyo ya pili ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi hali ya vijijini, ambako nauli ya kwenda mjini kutafuta kazi humshinda mtu. Hata hivyo, anayelinganisha nchi na nchi atumie ya kwanza, kwa sababu inafuata vigezo vya Shirika la Kazi Duniani.