Kabla ya kuwapeleka wanafunzi Boma la Kale, waulize nani kwao alifika Dar kwanza

Walimu wenzangu wakisikia kwamba huwa nawapeleka wanafunzi wa sekondari kutembea kando ya bandari ya Dar es Salaam, wajifunze jinsi watu walivyohamia jiji hili, swali lao la kwanza huwa la nauli na barua za ruhusa. Nitayafikia hayo. Ila naomba tuanze wiki mbili nyuma, maana ziara ya namna hii hufaulu au huharibika darasani, mtoto akiwa bado hajapanda gari.

Dar es Salaam ni jiji la watu waliofika. Palikuwa na kijiji cha Mzizima, palikuwa na Washomvi na Wazaramo, kisha katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar akaanza kujenga mji mpya kwenye bandari hii iliyotulia. Tangu hapo watu hawajaacha kuingia. Wamekuja Waarabu wa Hadhramaut, Wagujarati na Wagoa kwa majahazi na meli. Wamekuja Wanyamwezi na Wamanyema, wengine kwa miguu, wengine kwa reli. Wamekuja watu wa Msumbiji na Afrika Kusini wakikimbia serikali za wakoloni na makaburu. Na leo asubuhi, nina hakika, kuna kijana ameshuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi na begi moja, anampigia simu binamu yake aje amchukue. Mwanafunzi anayeketi mbele yako darasani ametokana na mmoja wa watu hao. Ukimpeleka mjini bila yeye kulijua hilo, ataona kuta za mawe na milango ya nakshi, atapiga picha, atarudi nyumbani.

Mbinu ninayoitumia asili yake ni mbali. Kwenye bandari ya New York kuna kisiwa kinaitwa Ellis Island. Kati ya mwaka 1892 na 1954 walipita hapo wahamiaji milioni 12 hivi waliokuwa wakiingia Marekani, na wa kwanza kuandikishwa, siku ya mwaka mpya wa 1892, alikuwa msichana kutoka Ireland, Annie Moore. Tangu 1990 jengo kuu la kisiwa hicho ni makumbusho ya uhamiaji, na shule hupeleka wanafunzi huko. Kilichonigusa mimi ni orodha za abiria. Kila mtu alikuwa na mstari wake: jina, umri, kazi, anajua kusoma na kuandika au hajui, ametoka wapi, anakwenda wapi, nani amemlipia nauli, ana fedha kiasi gani, anamfuata ndugu gani. Mpe mwanafunzi mstari mmoja tu wa orodha ile na umwache nao robo saa. Ataanza kuuliza mwenyewe: huyu mama mwenye watoto watatu, mbona nauli kalipa shemeji?

Mtu aliyetembea kutoka Tabora na mzigo kichwani hakusimama mbele ya karani wa namna ile. Sisi tuna wazee. Wapo Buguruni, Magomeni, Temeke, Mbagala, wamekaa barazani, na wengi wanatamani mtu awaulize. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya ziara natoa kazi ya nyumbani yenye maswali machache yaliyofuata mfano wa orodha zile. Katika familia yenu, nani alifika Dar kwanza? Alitoka wapi, alisafiri kwa chombo gani? Nani alimlipia nauli? Alibeba nini? Alimfikia nani, na usiku wa kwanza alilala wapi? Kazi yake ya kwanza ilikuwa ipi?

Usiliache swali la nauli hata ukibanwa na nafasi. Hilo ndilo linalofungua midomo. Ukimuuliza mzee kwa nini alihama, atakujibu kwa maneno mawili, kutafuta maisha, na mazungumzo yataishia hapo. Muulize nani alimlipia nauli, atakutajia korosho zilizouzwa, ng'ombe wa baba mdogo, tajiri aliyemkata mshahara mpaka deni likaisha. Wanafunzi wangu wamerudi na habari za bibi zao ambazo hata wazazi wao hawakuzijua. Na swali la "alimfikia nani" huonyesha jinsi jiji hili lilivyojengeka: karibu kila mtu alikuwa na mwenyeji, na mwenyeji huyo naye alikuwa na mwenyeji wake.

Hapa nina tahadhari, na naomba isichukuliwe kuwa ya pembeni. Zipo familia ambazo kuja kwao hakusimuliwi. Kuna wenye asili ya watu waliouzwa, na neno hilo bado linauma katika nyumba nyingi za pwani. Kuna watoto waliokuja na wazazi wao kutoka Burundi au Kongo na wameambiwa wasiseme lolote kuhusu karatasi zao. Kuna watoto wanaolelewa na watu wasio ndugu. Usimlazimishe mtoto kusoma mbele ya darasa, na usiigeuze kazi hii kuwa zoezi la kuhesabu makabila. Nchi hii imefanya kazi kubwa kutufanya tusigawanyike kwa mambo hayo, nasi walimu tusiirudishe nyuma kwa uzembe. Mwambie kila mwanafunzi tangu mwanzo kwamba anaruhusiwa kumhoji mtu yeyote: mpangaji mwenzao, fundi cherehani wa mtaani, mama ntilie wa jirani na shule. Ukitoa ruhusa hiyo kwa wote, hakuna atakayejulikana kwa nini amechagua jirani badala ya babu.

Ziara yenyewe ni fupi, na uzuri wake ni kwamba inafanyika kwa miguu. Sisi huanzia kwenye stesheni ya zamani ya reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza hapa Dar mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Wanafunzi huandika miaka hiyo kwenye daftari, kisha nawaomba wanyooshe mikono wale ambao mtu wao alikuja kwa treni. Mikono inayoinuka ndiyo somo. Mwaka jana walikuwepo ambao jamaa zao wamekuja kutoka Dodoma kwa treni ya umeme, ile iliyoanza safari mwaka 2024, wakawa wanalinganisha saa za safari na wenzao ambao babu zao walipanda treni ya zamani.

Kutoka hapo mnashika barabara ya Sokoine hadi Boma la Kale, kwenye kona ya barabara ya Morogoro. Ni miongoni mwa majengo makongwe kabisa yaliyobaki jijini, la mawe ya matumbawe, lililojengwa enzi za Sultani Majid, na siku hizi lina kituo cha urithi wa majengo chenye maonyesho ya namna mji ulivyokua. Pigeni simu mapema mjue saa za kufungua. Hapa nawaacha wanafunzi wakae. Wakae kweli, chini, kivulini, dakika ishirini bila mwalimu kuhubiri. Kila mmoja anachagua mtu mmoja kutoka hojaji yake na kuandika: mtu huyu angefika mbele ya jengo hili mwaka ule aliofika, angeona nini, angemuuliza nani njia? Mwongozaji wa pale akitaka kuongea, mwombe asubiri zoezi liishe. Waongozaji wengi ni wazuri na wanajua mengi, lakini mtoto aliyekwisha kujiuliza jambo humsikiliza mwongozaji kwa sikio jingine.

Mbele kidogo kuna nyumba ya Atiman, nayo ya enzi hizo hizo. Watu wengi huipita. Mimi siipiti, kwa sababu ya mtu mwenye jina hilo. Adrien Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akakamatwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na mapadri huko Algeria, akasomea utabibu Malta, kisha akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889, akawatibu watu wa huko hadi alipofariki mwaka 1956. Nikisimulia hayo barabarani, wanafunzi hunyamaza. Kama kuna mmoja wao ambaye historia ya nyumbani ni ile isiyosemwa, amesikia kwamba mtu aliyeuzwa anaweza kuandikwa juu ya jengo la mawe katikati ya jiji, bila mimi kumtazama wala kumtaja.

Kwa Kidato cha Tatu na cha Nne naongeza Kariakoo, hata kama ni kwa siku nyingine. Wanajua kwamba jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, lakini hawajui kwamba historia ya siasa za mji huu ni historia ya wahamiaji vilevile. Sykes Mbuwane, Mzulu kutoka Msumbiji, aliletwa na jeshi la Wissmann, kamanda wa Wajerumani, mwaka 1889 kuja kupigana na Abushiri, aliyeongoza upinzani wa watu wa pwani. Mwanawe Kleist alizaliwa Pangani, na mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association, chama kilichoitangulia TANU, hapa Dar. Mjukuu wake, Abdulwahid, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Vizazi vitatu, kutoka askari mgeni wa mkoloni hadi waliomwondoa mkoloni. Mkisimama Mtaa wa Lumumba, yalipo makao ya zamani ya chama, simulizi hiyo haihitaji kuongezwa chumvi. Ongeza kwamba FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa hapa hapa Dar tarehe 25 Juni 1962, na kwamba Kamati ya Ukombozi ya Afrika ilikuwa na makao yake katika jiji hili, na mwanafunzi ataona kwa nini tulikuwa tukipokea watu.

Sasa ya barua na nauli. Andika barua kwa mkuu wa shule mapema, na ya wazazi iwe na sehemu ya kusaini. Mzazi asiyesaini, mtoto wake haendi, hata akilia. Kwa darasa dogo basi la mwendokasi linatosha, mnashuka Posta ya Zamani, lakini pandeni mapema kabla ya msongamano wa watu kwenda kazini. Kwa darasa kubwa kodini Kosta na mkubaliane bei ya kwenda na kurudi pamoja na muda wa kusubiri, kwa maandishi. Mwalimu mmoja mbele, mmoja nyuma, mwenye filimbi. Kila mtoto abebe maji yake. Anzeni saa moja na nusu asubuhi, maana ikifika saa tano jua la bandarini halina huruma na hakuna atakayejifunza kitu. Choo mkipate Boma la Kale au mahali mlipoomba tangu mapema. Msitegemee bahati.

Wanafunzi wa msingi nawashauri waende kwanza Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, wakaone nyumba za asili za jamii mbalimbali. Mtoto wa darasa la nne anaielewa nyumba ambayo bibi aliiacha kuliko mwaka bibi alioiacha. Bagamoyo yenyewe, na lile jengo la misafara, iwekeni kwa wakubwa. Ni kilomita kama 75, ni siku nzima, na habari za pale, za biashara ya watumwa, zinahitaji moyo uliokomaa kidogo na mwalimu aliyejiandaa kujibu maswali magumu njia nzima ya kurudi.

Mkirudi shuleni, msidai ripoti ya ziara. Ripoti zote hufanana: tuliondoka saa fulani, tulifika saa fulani, tulikaribishwa vizuri. Dai ukurasa mmoja kuhusu mtu mmoja, ulioandikwa kwa Kiswahili, kisha nakala moja irudi kwa mzee aliyehojiwa. Asiyejua kusoma asomewe. Mara nyingi hapo ndipo mzee husema kwamba kuna jambo alilisahau, na mwanafunzi hulazimika kutafuta kalamu tena.