Usiseme "Tutamlaza": kwa mnaoanza kazi ya wanyama hapa Mombasa

Mwaka wangu wa kwanza kliniki, bibi mmoja wa Mji wa Kale alituletea paka wake ndani ya kikapu cha ukindu, amemfunika kwa kipande cha leso. Paka dume, mwekundu, umri miaka 15, figo zimekwisha. Daktari alikuwa ameshazungumza na binti yake kwenye simu, mimi nikaachiwa kumpokea bibi mwenyewe. Nikamwambia kwa ile sauti ya chini niliyodhani ndiyo adabu, "Bibi, leo tutamlaza, apumzike." Akaitikia, "Alhamdulillahi, maana usiku kucha hakulala." Kisha akatoa mkobani kikopo cha plastiki chenye samaki changu aliyechemshwa bila chumvi na kutolewa miba yote, akaniomba nikiweke kwenye friji. Paka akiamka atakuwa na njaa.

Nawaambia hili kabla ya mengine yote kwa sababu nanyi mtakuja na neno hilohilo, mmelitoa darasani, mkimaanisha kumuua mnyama kwa sindano asiendelee kuteseka. Kwetu sisi kulala ni kulala, na aliyelala huamka. Sema hivi: "Daktari atampiga sindano, atapoteza fahamu, kisha atakufa. Hataamka." Halafu nyamaza. Usijaze ule ukimya kwa maneno ya dawa. Neno "kufa" likishatamkwa mara moja na likaeleweka, basi baadaye sema kupumzika ukitaka, halina madhara tena. Kwa mtoto ni vilevile, sentensi fupi zaidi. Mtoto akiambiwa paka wake alilazwa kisha asirudi, usishangae akianza kuogopa kitanda chake mwenyewe.

Sindano yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Kubwa ni wiki zile za kabla, na huko ndiko mgeni wa kazi hii hufaa au huharibu. Swali mtakaloulizwa kila siku ni "nitajuaje kuwa wakati umefika?" Daktari mmoja Mmarekani, Alice Villalobos, mwaka 2004 alitunga kipimo cha mambo 7: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 bado pana nafasi ya kuendelea kumtunza. Ni kipimo kizuri, lakini nimeona watu wakikijaza kwa mapenzi, kila jambo 8. Kwa hiyo mimi huwaambia wachukue kalenda ya ukutani na kila baada ya Isha waweke alama, ya vema siku ikiwa njema, ya mkasi ikiwa mbaya. Baada ya siku kumi kalenda inasema yale ambayo mimi singethubutu kuyasema.

Pia waulize mnyama alikuwa akipenda nini hasa. Usiridhike na "kula". Kuna mama wa Majengo aliyeniambia paka wake hukimbilia mlangoni akisikia kengele ya baiskeli ya muuza samaki, hata awe ameshiba vipi. Nikamwambia asikilize kengele. Wiki mbili baadaye alinipigia kusema jamaa amepita, amepiga kengele mara tatu, na paka hakunyanyua hata sikio. Alikuwa ameshaamua kabla hajapiga simu.

Paka huficha maumivu, na kunguruma kooni si dalili ya raha peke yake; hunguruma akiumwa pia. Jifunzeni kusoma uso. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal walichapisha mwaka 2019 kipimo cha mambo 5: masikio yamekaaje, macho yamefinywa kiasi gani, mdomo na pua vimekakamaa, sharubu zimenyooka, kichwa kimeshuka chini ya mabega. Kila kimoja 0 hadi 2, na akifika 4 kati ya 10 anahitaji dawa ya maumivu. Fanyeni mazoezi kwa paka wa barazani. Mombasa hamtawakosa.

Na la kwanza kuuliza mlangoni, kabla ya jina na umri: "Umempa dawa gani nyumbani?" Watu humpa paka panadol kwa huruma ileile wanayompa mtoto. Ini la paka haliwezi kuiondoa, na kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua, tena kifo kibaya, fizi zikigeuka rangi ya kahawia au samawati na pumzi zikikatika. Usimgombeze. Akigombezwa leo, kesho atakuficha.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi havilitilii mkazo, nalo ni inzi. Wakati wa kaskazi, joto na unyevu vikikutana, mnyama asiyeweza kuinuka akilala kwenye mkojo wake hata nusu siku, inzi wanataga kwenye manyoya mabichi, na kufikia kesho yake kuna funza. Nimeshuhudia mbwa aliyependwa sana akiletwa hivyo, mwenyewe akilia kwa aibu kwa sababu alidhani mbwa wake amelala tu kivulini. Wafundisheni: manyoya ya nyuma yanyolewe, aoshwe kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa, ageuzwe ubavu kila baada ya saa chache asipate vidonda, na awekwe juu ya kitu laini, si sakafu tupu hata kama sakafu ina ubaridi. Chandarua kidogo cha kukunja, kile cha kufunikia mtoto mchanga, kinamfaa paka mzee barabara. Chakula kipashwe moto kidogo kitoe harufu, kisiwe na kitunguu wala kitunguu saumu, na asishindiliwe mdomoni.

Mtaulizwa pia, "Si dhambi?" Wewe si mufti. Eleza unachokijua: anaumwa wapi, dawa inafanya nini, bila sindano ataishi vipi siku zilizobaki. Mwache akamuulize sheikhe wake, au padri wake, na wakati huo mnyama apewe dawa ya maumivu asisubiri fatwa akiteseka. Akirudi akasema ataachiwa afie nyumbani, usimnunie. Mpe dawa za kutosha, mwonyeshe namna ya kumpa, mwachie namba ya simu itakayopokewa usiku. Ninapokaza sauti ni kwa mnyama anayeshindwa kupumua tu. Huyo nasema wazi kwamba kusubiri ni kumzamisha polepole.

Chunguzeni nani hasa ana msiba. Nyali tuliitwa kwa mbwa wa ulinzi, mwenyewe yuko ng'ambo, idhini ameituma na pesa ametuma. Yule askari wa getini akasimama pembeni ameshika kofia. Miaka tisa ndiye aliyempikia ugali na dagaa, ndiye aliyekesha naye. Hakuna aliyemuuliza kitu. Nilimwita aje akae kichwani pa mbwa. Akavua viatu kwanza.

Siku yenyewe, malipo yamalizwe kabla. Hakuna jambo baya kama kumwita mtu kaunta macho yamemvimba. Anayepiga sindano ni daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Wewe unashika mguu na kutafuta mshipa. Mnyama apewe kwanza dawa ya kumtuliza, akiwa juu ya kitambaa chake mwenyewe, na watu wake wabaki wakimshika. Mzee aliyekaukiwa maji mishipa yake hujificha, kwa hiyo waambie mapema kwamba huenda tukajaribu zaidi ya mara moja. Waambie pia macho hayatafumba, mkojo unaweza kutoka, na hata moyo ukishasimama anaweza kuvuta pumzi moja au mbili au misuli ikaruka. Ukilisema kabla ni maelezo. Ukilisema baada linasikika kama kujitetea. Na usitamke kwamba amekufa mpaka daktari asikilize kifua kwa dakika kadhaa.

Mwili una dawa. Kunguru, mbwa au paka mwingine akiufukua na kuula, naye yuko hatarini. Kwa hiyo jaani hapana, baharini hapana. Kaburi liwe na kina cha mita moja au zaidi, na mawe juu. Sasa kisiwani chini ni matumbawe, jembe linarudi mkononi, na nyumba nyingi za Mji wa Kale hazina hata kiraka cha udongo. Ulizeni siku kadhaa kabla: una jamaa mwenye shamba Kisauni, Likoni, Mtwapa? Kuna familia niliyoiona ikizunguka na tuktuk hadi magharibi, paka wao ndani ya boksi, kwa sababu sisi hatukuwauliza.

Yule bibi wa kikopo, nilikwenda kumwita daktari. Alitoka, akaketi naye kwenye benchi, akalisema lile neno. Bibi alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba samaki wake arudishwe kutoka frijini. Akamega kidogo, akampelekea paka mdomoni kwa kidole. Paka hakula, alilamba mchuzi tu. Ndipo bibi akasema, "Haya."

Kikopo alikisahau mezani. Nilikiosha, nikampelekea mwenyewe nyumbani siku ya tatu. Alikipokea mlangoni, akakitazama ndani, akaniuliza kama nimekula.